Mhandisi, Mpagazi na Boma la Luba, 1897–1898

Mtu wa Kasulu au wa Kibondo mwenye shauri la kodi au la shamba akiulizwa aendako asubuhi, atajibu kwamba aenda bomani. Hakusudii ngome wala ua wa miti. Akusudia ofisi za wilaya. Lakini neno hili halikuzaliwa ofisini. Boma kwanza ni ua wa miti au wa miiba uliozungushwa mji au mifugo. Katika siku za misafara ya karne ya 19 likawa pia jina la kituo chenye silaha. Mwisho, Wajerumani na Waingereza walipoketi ndani ya vituo hivyo wakitoza kodi na kukata mashauri, likawa jina la Serikali yenyewe. Kwa watu wa Buha maana hizo mbili za mwisho zilifika karibu pamoja, maana Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896, na tangu hapo mamlaka ya wafalme wa Heru, Muhambwe, Buyungu na wenzao yakaanza kupunguzwa na amri zilizotoka katika kituo cha askari.

Katika makala hii nataka kueleza habari za boma jingine, lililokuwa mbali na Buha, katika nchi ya Busoga kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Viktoria. Boma hilo lilizingirwa tangu Oktoba 1897 hadi Januari 1898. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, aliyeongoza mazingiwa yale alikuwa mhandisi wa jeshi, na wahandisi wa jeshi wamepata sifa kubwa katika vitabu vya vita vya kikoloni: huyu alifungua lango la ngome kwa baruti, yule alichimba handaki chini ya risasi, akapewa nishani. Pili, watu waliofanya sehemu kubwa ya kazi na ya vita huko Busoga wameandikwa kwa jina moja tu, nalo ni jina linalotuhusu sana sisi tunaoshughulika na lugha hii: Waswahili.

Mhandisi mwenyewe ni James Ronald Leslie Macdonald, aliyezaliwa mwaka 1862 akaingia katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la Kiingereza. Kazi ya kikosi kile wakati wa amani ilikuwa kupima nchi, kuchora ramani, kujenga barabara na madaraja. Wakati wa vita, kujenga ngome na kubomoa ngome za adui. Macdonald alifika Afrika Mashariki mwaka 1891 kuongoza upimaji wa njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Reli yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika ziwani Desemba 1901. Mwaka 1893 alikaimu ukuu wa utawala wa Uganda, na mwaka 1897 kitabu chake juu ya uaskari na upimaji katika nchi hizi kilichapishwa. Mwaka huo huo alirudi akiwa na safari mpya. Iliyotangazwa ni kwamba anakwenda kuchunguza chanzo cha Mto Juba. Iliyofichwa ni kwamba Waingereza walitaka kuufikia Mto Naili wa juu kabla ya Wafaransa. Katika safari hiyo alikuwamo mhandisi mwingine wa kikosi chake, Herbert Henry Austin, ambaye baadaye, mwaka 1903, alitoa kitabu juu ya mambo haya.

Safari hiyo ilipewa kikosi cha askari wa Kisudani kutoka Uganda, nasi hatuna budi kueleza asili yao, maana bila hiyo uasi wao hauwezi kufahamika. Walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta chini ya Misri. Wafuasi wa Mahdi walipoitwaa Khartoum mwaka 1885, askari wale walikatika na makao makuu yao. Emin aliondoka kwenda pwani mwaka 1889. Wengi wao wakabaki karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey. Huko ndiko Lugard alikowakuta mwaka 1891, akawaingiza katika utumishi wa Kampuni ya Kiingereza pamoja na wake zao, watoto wao na wafuasi wao. Kampuni ilipoondoka, Serikali ikawarithi. Kwa miaka sita utawala wa Uganda uliegemea bunduki zao.

Waliowaegemea hawakuwatunza ipasavyo. Mshahara wao ulikuwa mdogo, ukilipwa kwa nguo, na mara nyingi ulicheleweshwa kwa miezi. Katika mwaka 1897 peke yake walikuwa wamekwenda vita baada ya vita, pamoja na vile vya Buddu dhidi ya Kabaka Mwanga, aliyeshindwa mwezi wa Julai akakimbilia upande wa Wajerumani kusini mwa ziwa. Kabla ya kupumzika wakaamriwa kumfuata Macdonald kwenda kaskazini, katika nchi wasiyoijua, kwa muda wasioambiwa, nao wawaache nyuma wengi wa jamaa zao. Kwa askari wa Kisudani jamaa ilikuwa sehemu ya maisha ya kikosi. Wanawake ndio waliopika na kulima. Walipoleta malalamiko yao hawakuridhishwa. Tarehe 23 Septemba 1897, katika nchi ya Ravine, makampuni matatu, karibu watu mia tatu, yaliiacha safari na kurudi magharibi.

Walipita Nandi na Kavirondo, wakafika Busoga katikati ya Oktoba, katika nchi ya mtemi Luba. Luba alikuwa amekwisha kujulikana kwa Waingereza kwa jambo jingine: katika nchi yake ndiko Askofu James Hannington alikouawa Oktoba 1885 kwa amri ya Mwanga. Sasa palikuwa na kituo cha Serikali kilicholindwa na Wasudani wengine, nao waliungana na ndugu zao. Meja Thruston, ofisa aliyejua Kiarabu na aliyewaamini sana askari hawa, alikuja kutoka Kampala kuwatuliza. Wakamtia nguvuni, pamoja na Wilson aliyekuwa mkuu wa kituo, na Scott, fundi wa mashua ya moshi.

Macdonald aliwafuata, na jioni ya tarehe 18 Oktoba akapiga kambi juu ya kilima kilicholielekea boma. Asubuhi ya tarehe 19 Wasudani walipanda kilima wakamshambulia. Mapigano yalichukua saa nyingi. Luteni Fielding aliuawa. Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda, alipigwa risasi ya kifua akapona. Mwishowe Wasudani walirudi bomani wakiwa wamepoteza watu wengi, na baada ya kushindwa huko wakawaua wafungwa wao watatu.

Hapa msomaji asimame kidogo atazame hesabu ya waliokuwa kilimani. Wazungu walikuwa kama kumi. Masingasinga kutoka Bara Hindi hawakuzidi ishirini. Waliosalia, watu zaidi ya mia tatu, ni wale wanaoitwa Waswahili. Wengi wao waliajiriwa pwani kwa kazi ya kuchukua mizigo na kulinda msafara, na mafunzo yao ya bunduki yalikuwa machache sana yakilinganishwa na yale ya Wasudani, ambao vita vilikuwa kazi yao tangu ujana. Kama kilima kile kingetwaliwa, njia yote baina ya Uganda na pwani ingekuwa wazi kwa waasi. Basi ni halali kusema kwamba siku ile utawala wa Kiingereza Uganda ulisimama juu ya mabega ya wapagazi, kama vile mizigo yake ilivyozoea kusimama.

Waswahili hao walikuwa nani? Mwenye kusoma taarifa za maofisa hufikiri kwamba ni kabila, kwa kuwa jina lao limepangwa sawasawa na Masingasinga, Wasudani na Baganda. Sivyo. Katika desturi ya misafara ya wakati ule, Mswahili alikuwa mtu yeyote aliyeandikwa kazini Unguja au Mombasa na kusikia amri kwa Kiswahili. Aghalabu ndani ya jina hilo mlikuwamo watu wa pwani wenyewe, Wanyamwezi waliokuwa mabingwa wa kazi ya njiani, Wamanyema, Wayao, na watu waliokuwa watumwa jana na leo wanatafuta mshahara. Jina lilitaja kazi na lugha, halikutaja ukoo. Sisi wa upande wa Kigoma jambo hili halitushangazi. Ujiji watu wengi walioitwa Waswahili ni wajukuu wa Wamanyema waliovuka Ziwa Tanganyika pamoja na misafara, wakashika dini, mavazi na lugha ya mji. Basi neno moja lililowakusanya watu wa asili mbalimbali liliwafanya wawe wengi katika hesabu na wakati huo huo wapotee katika majina.

Baada ya siku ile ndipo yalipoanza mazingiwa. Lugha yetu ina maneno mawili ya jambo hili: kuzingira, lenye asili ya Kibantu, na kuhusuru, lililotoka katika Kiarabu. Maneno yote mawili yana sharti moja ndani yake, nalo ni kwamba aliyezingirwa asiwe na mlango. Hilo ndilo lililomshinda Macdonald. Boma la Luba lilikuwa ufukoni mwa ziwa. Waliokuwamo walikuwa na bunduki nzuri, akiba ya risasi na jahazi. Ngome za namna hii zilizojengwa na Wasudani huko Uganda kwa kawaida zilikuwa na handaki na tuta la udongo, mambo waliyoyajua tangu jeshi la Misri. Macdonald hakuwa na mizinga mikubwa ya kubomolea kuta. Kwa hiyo elimu yake ya uhandisi ilirudi kwenye mambo ya msingi: kuweka vituo vya kuwakaribia adui, kuchimba mahandaki, kukata miti, kupunguza chakula cha walio ndani. Hayo yote hayafanywi kwa darubini na kalamu. Yanafanywa kwa jembe, shoka na panga, na watu wengi.

Watu hao walikuwa Waswahili wa msafara na Baganda waliokuja kwa maelfu wakiongozwa na Katikiro Apolo Kagwa. Kazi mojawapo iliyokuwa ya hatari kubwa ni kuikata migomba iliyowalisha waasi. Asiyeishi katika nchi ya migomba huenda akaiona kazi hiyo kuwa ndogo. Mtu wa Kasulu aijua vema. Mgomba huficha anayekata, lakini pia humficha anayemvizia. Na kila shina liangukalo humfunua mkataji mbele ya adui. Mapigano ya tarehe 11 Desemba 1897 yaliwaua Luteni Macdonald, ndugu yake kiongozi, na George Pilkington. Kifo cha Pilkington kilikuwa pigo kwa elimu ya lugha za Kibantu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kufasiri Biblia nzima kwa Kiganda, iliyomalizika mwaka 1896. Majeruhi walitibiwa na Dakta Albert Cook, aliyekuwa amefika Uganda mwaka huo huo, na ambaye hospitali yake ya Mengo ilikuja kupata sifa katika Afrika Mashariki yote. Majina haya twayajua, na tuna haki ya kuyataja kwa heshima. Lakini Baganda na Waswahili walioanguka katika migomba ile hawakuandikiwa habari zao mtu mmoja mmoja. Katika vitabu vya maofisa wamekuwa idadi, na pengine hata idadi hawakupata.

Mwezi wa Januari 1898 waasi walifanya lile ambalo mzingiraji yeyote angeliogopa. Usiku waliingia katika jahazi lao pamoja na jamaa zao, wakavuka maji, na kulipokucha boma lilikuwa tupu. Walielekea kaskazini kwenye Ziwa Kyoga. Huko Kabagambe, tarehe 24 Februari 1898, walishindwa na jeshi la Kapteni Harrison, na nguvu ya uasi ikavunjika, ingawa vikundi vidogo viliendelea kusumbua. Wakati huo Mwanga naye alikuwa amekwisha kutoroka upande wa Wajerumani na kuanza vita tena Buddu, hata Waingereza wakawa na moto mbele na nyuma. Mwanga alikamatwa pamoja na Kabarega wa Bunyoro mwezi wa Aprili 1899, na wote wawili wakapelekwa Shelisheli.

Tukiyapima mazingiwa haya kwa kanuni za vita, hayakufaulu kabisa: boma halikuvunjwa, na waliokuwamo waliondoka kwa hiari yao. Tukiyapima kwa matokeo, yalifaulu: waasi walizuiwa karibu miezi mitatu mahali pamoja, hawakufika Kampala, na majeshi ya Kihindi yalipata nafasi ya kuwasili kutoka Bombay. Kwa hiyo sifa zilitolewa. Mwaka 1899 ilianzishwa nishani ya vita vya Afrika Mashariki na ya Kati, na mojawapo ya vipande vya chuma vilivyobandikwa katika utepe wake kiliandikwa jina la boma hilo, kwa tahajia ya maofisa: Lubwa's. Macdonald alipanda cheo, na miaka michache baadaye alikuwa mkuu wa jeshi la Kiingereza katika safari ya Tibet ya 1903–1904. Austin, kitabu chake kilipochapishwa, jina lake lilifuatwa na herufi za nishani mbili, mojawapo ikiwa D.S.O., ambayo wakati ule maofisa walipewa kwa utumishi wao wa vitani.

Sisemi kwamba hawakustahili. Mtu aliyesimama kilimani siku ya tarehe 19 Oktoba, akaendelea na kazi baada ya kumzika ndugu yake, hawezi kuitwa mwoga. Nasema kwamba nishani ni namna ya kuandika historia, na kila namna ya kuandika ina sarufi yake. Katika sarufi ya nishani mtendaji ni mmoja, naye ana jina, cheo na kikosi. Wengine wote ni chombo cha kutendea. Twasoma kwamba Macdonald alichimba handaki. Sarufi ya Kiswahili ingetutaka tuseme alichimbisha, na kiambishi hicho kimoja kingetulazimisha kuuliza: ni nani aliyechimba?

Swali hilo lawahusu pia Wasudani. Wao ndio walioitwa waasi, na kuua wafungwa ni jambo lisiloweza kutetewa. Hata hivyo chanzo cha vita kilikuwa shauri la kazi: mshahara, mapumziko na jamaa. Uasi ule ulilazimisha utawala kuyatazama upya masharti ya askari wake, na mnamo Januari 1902 vikosi vya nchi hizi viliunganishwa kuwa jeshi moja, King's African Rifles. Wasudani waliobaki watiifu, na watoto wao, waliendelea kutumika humo. Wajukuu wao ni Wanubi wa Bombo huko Uganda na wa Kibera huko Nairobi, nao wanazungumza Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu cha kambi za askari. Jina lenyewe la Kibera lina asili katika neno lao la msitu. Hivyo katika vita hivi makundi mawili yaliyopigana, Wasudani na Waswahili, yalikuwa na jambo moja pamoja: yote mawili yalikuwa watu wa asili nyingi waliofanywa kundi moja na kazi, na kila kundi lilijulikana kwa lugha ya kazi hiyo.

Sasa turudi Buha. Miaka 18 baada ya mambo ya Luba, vita vya Wazungu viliifikia nchi ya Kasulu na Kibondo. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji chini ya Kanali Olsen liliteremka kutoka Urundi likapita Buha, likaitwaa Kigoma mwishoni mwa Julai, na mwezi wa Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Wabelgiji walikaa Kigoma hadi mwaka 1921, walipowakabidhi Waingereza. Jeshi lile halikuwa na reli mpaka lilipofika Kigoma. Mizinga, risasi na chakula vilipanda na kushuka milima kwa vichwa na mabega ya watu. Jemadari Tombeur, mkuu wa vita hivyo, baadaye alipewa jina la heshima la Tombeur wa Tabora. Waliobeba mizinga yake hawakupewa jina la mlima hata mmoja walioupanda.

Mambo ya Busoga ya 1897 na ya Buha ya 1916 yanafanana katika hilo, na yatufunza namna ya kufanya utafiti wetu. Hati za maofisa zimekwisha kuchapishwa na kusomwa. Zitaendelea kutuambia ni nani aliyeamuru. Lakini habari za aliyechimba, aliyekata na aliyebeba zimebaki katika maneno: katika majina ya watu waliozaliwa wakati wa vita, katika majina ya mahali kambi zilipopigwa, katika maana mpya zilizopachikwa juu ya maneno ya zamani kama boma, askari na Mswahili. Waliokuwa wapagazi mwaka 1916 wamekwisha kufa wote. Wajukuu wao, ambao sasa ni wazee, wangaliko katika vijiji vya Heru na Muhambwe, na baadhi yao walisimuliwa mambo hayo na babu zao kwa Kiha. Kila mwaka idadi yao hupungua. Anayefundisha au kusoma katika sehemu hizo, akiwa na daftari na saburi, anaweza kufanya kazi ambayo hakuna hati ya London wala ya Brussels iwezayo kuifanya badala yake: kuandika jina la mtu mmoja, kijiji chake, mzigo alioubeba na mahali alipoutua.